Maji Juu ya Hema la Kasyoka

Watu wa Lindi, mtaa wetu wa Kibera, watakuambia kwamba mimi, Zeinabu, nilipata ukubwa kwa kumchongea mwenzangu. Wacha waseme, maneno hayalipiwi kodi. Lakini kati ya wote wanaoisimulia hadithi hii kwenye vibanda vya chai, hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya hema siku ile. Aliyekuwa ndani ni mimi.

Nilikuwa fundi wa mahema katika idara ya ulinzi. Ukisikia idara ya ulinzi unawaza bunduki na malori ya kijani, na huwazi kwamba askari naye ana mgongo, na mgongo unataka kulala pakavu. Mahema yale tulishona sisi raia, katika karakana moja iliyofichwa nyuma ya ukuta mrefu kule Kawangware. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimechakaa hivi kwamba wapita njia walidhani ni ghala la mahindi. Sisi wenyewe tulijua ni nini, na tulijivuna nayo.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Shiundu, Mluhya aliyejenga hapo hapo Kawangware, mtu wa maneno machache na macho makali. Alikuwa anastaafu mwisho wa Januari. Idara ilikuwa imechoka na vitengo vinavyobaki bila kichwa kila mzee anapoondoka, kwa hiyo ikamwagiza: hutoki hapo mpaka umetuandalia mrithi. Warithi walikuwa wawili tu, na kila mtu aliwajua. Mimi na Kasyoka.

Kasyoka alikuwa Mkamba wa Kitui, mjane mwenye watoto, na mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nampenda. Alikuwa pia mpangaji wangu. Nina ploti ndogo Lindi niliyoachiwa na baba, safu mbili za vyumba vya udongo na mabati, na yeye alikaa chumba cha mwisho kabisa. Hapo ndipo sumu ilipoingia. Saa kumi na mbili asubuhi anabisha mlangoni kwangu kwamba bati lake linavuja, na mimi landlodi mzima nimelala. Saa mbili tuko meza moja karakanani, ananiambia mbele ya watu mshono wangu umepinda. Nami nilimjibu, sikuwa bubu. Siku moja alinitazama juu hadi chini akasema, "Siku nikikalia hicho kiti cha Mzee, Mama Fahima, utaenda kushona mapazia sokoni Makina."

Alimaanisha. Na mimi sikuwa na pa kwenda. Ndugu yangu Umar hakuwa na kazi, binti yangu Fahima alikuwa shule ya bweni, na kodi ya vyumba vya udongo ni ya kununulia chumvi tu. Kwa hiyo elewa vizuri: nilikitaka kile kiti. Nilikitaka kwa meno na kucha, na sioni haya kusema.

Uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 ukaja, kura zikahesabiwa, na nchi ikawaka. Sina haja ya kueleza, aliyekuwepo anajua. Gatwekera, mtaa jirani na wetu, moshi ulipanda tangu asubuhi, reli inayopita Kibera ikang'olewa, na ndani ya karakana yetu mafundi waliokuwa wakinywea chai kwenye benchi moja wakaanza kunywa wakiwa wamesimama, kila kabila na kona yake. Wangoi, aliyeshona vifungo, hakumsalimia tena mwenzake wa mashine ya pili, ingawa walikuwa wamefanya kazi goti kwa goti tangu wakiwa wasichana.

Meja mmoja akatumwa kutoka makao makuu kuja kusimamia urithi ule. Alikuwa kijana, viatu vinang'aa, anazungumza na karani wake kana kwamba sisi ni viti. Akatuita ofisini, mimi na Kasyoka, Mzee Shiundu akiwa kando.

"Sitaki mtu wa upande huu wala ule," akasema. "Hii karakana inaweza kushika moto. Nataka mtu neutral. Ndiyo maana nyinyi wawili mmebaki. Mnubi na Mkamba."

Mtu neutral! Nimeshona mahema mpaka vidole vimeota sugu, na sifa yangu ni kwamba mimi si mtu wa popote. Damu ilinipanda kichwani. Kisha akanigeukia akasema kwamba kwa upande wangu, kabla ya cheo, nitahitaji kuhojiwa na kamati, nilete ushahidi kwamba babu yangu ni wa hapa.

"Babu yangu alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, afande," nikamwambia. "Alipigana na Wajerumani Tanganyika. Baba yangu alipigana Burma. Hilo jeshi unalolipigia saluti, sisi Wanubi tulikuwemo kabla ya babu yako kuvaa viatu."

Kasyoka akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani. Meja alinitusi kwa kutojua, lakini yule alicheka akijua, na nikakiweka moyoni.

Haikuchukua muda, dunia ikamgeukia naye. Mwanasiasa mkubwa wa Wakamba akaingia serikalini, na Kibera nzima, ngome ya upinzani, ambayo jana ilikuwa haina habari na Wakamba, ikaamka inawaita wasaliti. Umar alikuja mbio kutoka stejini, kituo cha matatu, akasema vijana wanazunguka Lindi wanauliza Wakamba wanakaa ploti gani. Nilikwenda chumba cha mwisho nikamwambia Kasyoka, "Chukua watoto uende. Sasa hivi."

"Unanifukuza?"

"Nakuokoa, mjinga wewe! Nenda!"

Alienda na watoto na begi moja, kwa miguu, wakavuka Ngong Road hadi Kawangware, wakaingia uwanja wa kanisa moja ambako watu wengine walikuwa wamejazana wakilala nje. Vijana walipofika kwangu walikuta nimesimama mlangoni na Umar, tukawaambia hapa hakuna Mkamba, na ilikuwa kweli. Wakaingia wakaangalia wenyewe, wakaondoka na jiko la Kasyoka na godoro lake.

Kesho yake nikaipa chumba kile familia iliyochomewa nyumba Gatwekera. Najua unavyoniangalia. Chumba kitupu siku zile kilikuwa mwaliko, ama kivunjwe ama kichomwe, na kikichomwa kile ploti yote inakwenda. Ningefanya tena. Lakini Kasyoka alipopata habari alisimama katikati ya karakana, mkasi mkononi, akasema kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini aliisikia:

"Huyu Mnubi ameniuza. Aliita vijana, akanitoa, akaweka watu wake. Na godoro yangu sijui analalia nani."

"Ningekuitia vijana ungekuwa hai?" nikamjibu.

Hakuna aliyenisikiliza. Watu wana masikio ya kusikia kinachowapendeza. Kuanzia siku hiyo, nikiingia mahali pa chai, maongezi yanakatika.

Mzee Shiundu aliyaona yote haya, na bado hakuwa ametaja jina. Meja alimsukuma kila siku. Ndipo siku moja mzee akatukusanya sote uani akasema mrithi wake atapatikana kwa njia ya karakana, si kwa njia ya ofisi.

Nieleze njia hiyo. Hema likikamilika, tangu zamani, halitoki kabla mtu hajaketi ndani yake. Linasimamishwa uani, mlango unafungwa, na mafundi wanalimwagia maji kwa ndoo kutoka kwenye mapipa, pande zote, bila huruma. Aliyeketi ndani hutoka na kusema neno moja: linavuja, au halivuji. Neno lake halipingwi na hakuna anayeingia kuhakikisha, maana mzee aliyeianzisha karakana alisema fundi asiyeaminiwa neno lake asikabidhiwe sindano. Na likivuja linachanwa kwa kisu hapo hapo, wakati wote wanatazama, ili lisije likaibwa likauzwa au likapewa mtu.

"Kila mmoja ashone hema lake peke yake," akasema Mzee Shiundu. "Hema la familia, maana waliokimbia makwao wanayahitaji sana sasa. Kisha Zeinabu aketi ndani ya la Kasyoka, na Kasyoka aketi ndani ya la Zeinabu. Mtu anayeweza kusema kweli juu ya kazi ya adui yake, huyo namwachia kiti."

"Na kama wote watasema kweli?" akauliza Meja.

"Hapo nitaamua mwenyewe."

Mafundi wakaipenda sana. Siku zile kila mtu alikuwa na kiu ya kuona mwingine akiaibika, na hapa waliletewa bure.

Tulishona kwa kununiana. Stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara, na jioni ilibidi tutoke mapema kabla barabara hazijafungwa. Mimi nilibahatika, mashine yangu ilikuwa imemaliza mishono yote mikubwa kabla ya umeme kwenda. Nikapaka nta kila mshono mara mbili, nikapitisha kidole, nikapaka tena. Kasyoka nilimwona kwa mbali ameinama na shazia, ile sindano kubwa ya turubai, anamalizia kwa mkono. Sikumuuliza kitu, naye hakunitazama.

Siku ya maji, jua lilikuwa kali. Mahema yalisimama uani, langu na lake, ya kijani yote mawili. Meja alikaa kwenye kiti kivulini. Kasyoka akatangulia kuingia kwenye hema langu, mlango ukafungwa, na Wangoi na wenzake wakaanza kumwaga.

Hema langu nilikuwa na uhakika nalo. Mtu aliyekuwa ndani yake ndiye niliyekuwa na shaka naye. Neno moja tu, "linavuja," na kazi yangu inachanwa kwa kisu, na mimi ndiyo naenda kwenye mapazia ya Makina. Na kwa nini asiseme? Aliamini nimemuuza. Mimi ningekuwa yeye, naapa kwa Mungu sijui ningesema nini. Ndoo zikaendelea, maji yakatiririka mpaka chini ya miguu yetu pakawa tope.

Akatoka. Kilemba chake kilikuwa kikavu. Akatazama watu, akatazama Mzee, mimi hakunitazama.

"Haivuji," akasema. "Hata tone."

Watu walipiga makofi, na makofi yale hayakuwa ya hema langu. Yalikuwa yake. Mama wa watu kafukuzwa kwake, analala nje, na bado amesema kweli juu ya aliyemfukuza! Hata Meja aliinua kichwa. Nikajua papo hapo kwamba kiti kinaniponyoka, kwa sababu sote tukisema kweli mzee ataamua mwenyewe, na nani angeamua dhidi ya mwanamke kama yule?

Zamu yangu ikafika. Ndani ya hema lake palikuwa na harufu ya turubai jipya na mwanga wa kijani, na mishono, Mungu shahidi, ilikuwa mizuri kuliko yangu. Maji yakaanza kupiga juu. Niliketi katikati, nikasikiliza. Mbele pakavu. Kulia pakavu. Nikaanza kufikiri maneno nitakayosema nikitoka, nikayapanga yawe machache ili nisionekane nimeumia.

Kisha kwenye kona ya nyuma, kushoto, pale mshono wa ukuta unapokutana na wa paa, tone moja likajitokeza. Likaning'inia. Likaanguka. La pili likalifuata, halafu hayakuwa matone tena, ulikuwa mstari mwembamba unaoshuka kwenye turubai. Nikasogea nikaweka bega langu pale, na bega likalowa.

Sikufurahi. Najua hutaniamini, lakini sikufurahi. Nilikasirika. Kwa nini mtu wa mikono ile aniwekee shimo la aina hii? Nikisema halivuji, mama fulani atalala ndani ya hema lile na mtoto mchanga, na mvua za Machi zitamkuta hapo. Nikisema linavuja, hakuna binadamu Kawangware wala Kibera atakayeniamini mpaka nazikwa. Niliketi pale ndoo zikipiga juu ya kichwa changu, namlaani Kasyoka kwa Kinubi na kwa Kiswahili. Kisha nikafungua mlango.

Na hapo balaa la pili. Maji yaliyokuwa yamekusanyika juu ya mlango yakanimwagikia yote nilipoinua turubai. Nikatoka nimelowa kuanzia kilemba hadi kiatu, bega lililolowa ndani likiwa halina tofauti tena na lililolowa nje.

"Linavuja," nikasema. "Kona ya nyuma, kushoto."

Ukapita mguno, ule mguno wa chini wa watu wengi. Wangoi akaweka ndoo chini.

"Ai, Mama Fahima. Si ungeongea ukweli tu? Mwenzako ameongea ukweli."

"Ni ukweli! Ingieni muone!"

"Tukaone nini? Wewe mwenyewe umemwagikiwa mlangoni, tumekuona."

"Ingieni ndani! Mzee, ingia wewe!"

Mzee Shiundu hakusogea. "Hakuna anayeingia," akasema polepole. "Tulikubaliana. Neno la aliyeketi ndilo neno." Akachomoa kisu kiunoni akanipa, mpini mbele. Nilimwangalia usoni nikaona naye haniamini. Lakini utaratibu ulikuwa wake, na hakuwa na njia ya kurudi nyuma bila kuuvunja.

Nikalichana lile hema. Turubai jipya lina sauti mbaya likichanwa. Nilimtazama Kasyoka, nikingoja aseme kitu, apige kelele, anirukie. Alisimama tu, mikono ameifunga kifuani.

Meja alifurahi kwamba mambo yamekwisha. "Moja limepita, moja limeanguka," akasema, akanipa mkono. "Hongera." Mzee Shiundu hakupinga: neno la aliyeketi halipingwi, na mwenye hema lililochanwa hapewi kiti. Hema langu likakunjwa likapakiwa kwenye lori, ili lipelekwe uwanja ule wa kanisa.

Nilimkuta Kasyoka nyuma ya stoo, kwenye bomba, anaosha mikono. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakugeuka.

"Ilikuwa kona ya nyuma, kushoto?" akauliza.

"Ulijua?"

"Stima ilipotea nikamalizia na mkono. Nta ikaniishia hapo mwisho. Nilijua hapo ni pabaya."

"Basi twende ukawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba sikudanganya! Kasyoka, wote wale wanadhani nimekudhulumu!"

Akafunga bomba, akajifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kiti umepata," akasema. "Nyumba yangu umepata. Hiyo ya watu kukuamini, niachie mimi."

"Na wewe mbona hukusema langu linavuja? Ungenimaliza."

Ndipo akanitazama, mara ya kwanza siku ile, na sijawahi kutazamwa kwa chuki kavu namna hiyo.

"Hiyo tent yako inaenda kanisani, Mama Fahima. Unafikiri ni watoto wa nani wamelala hapo nje? Nikisema inavuja, ichanwe, walale wapi?"

Akaniacha nimesimama.

Mchana tukaitwa tena uani. Meja alikuwa na haraka, gari lake lilikuwa limeshawashwa. Akasema makao makuu hawataki tena kushtukizwa, kwa hiyo mkuu mpya na yeye ataje palepale naibu wake, mtu wa kumfuata siku akiondoka. Mafundi wote wakaangalia chini. Walishajua nitamtaja nani, walidhani ni mtu wangu yeyote asiye na uti wa mgongo.

"Kasyoka," nikasema.

Wangoi alimnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Angalau ana aibu." Mzee Shiundu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata nafuu kidogo. Wote walidhani dhamiri inanisuta, na kwamba namrudishia mwenzangu sehemu ya nilichomwibia.

Kasyoka akasogea mbele, akanipa mkono ulio baridi bado kwa maji ya bomba.

"Asante, mkuu," akasema, na watu wakampigia makofi tena.

Haikuwa dhamiri. Katika karakana ile nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba nilisema kweli, na nilimtaka mahali nitakapomwona kila siku, hata kama kila siku atanyamaza.